Kisogo cha Mfasiri

Ukiniuliza sura yake ya siku zile, nitakudanganya. Kisogo chake ndicho ningekitambua hata leo katikati ya soko: kifupi, chenye mikunjo miwili, na chini ya mkunjo wa pili kovu dogo kama punje ya mchele. Nilikitazama kila Alhamisi kwa miaka, kuanzia alasiri mpaka karibu na magharibi, wala sikuwa peke yangu. Wanawake thelathini wa mji wa kale wa Malindi tulikijua kisogo kile kuliko visogo vya waume zetu. Jina lake hatukulitumia. Tulimwita Mfasiri, basi.

Kazi yake ilikuwa kutafsiri filamu. Banda la video lilikuwa nyuma ya soko, jengo refu la mabati lililowahi kuwa ghala la mbata, na siku za joto harufu ya nazi kavu ilitoka ukutani kana kwamba haijahama. Televisheni iliwekwa juu ya kabati, chini yake deki ya kanda, na mbele ya kabati stuli ya Mfasiri na kipaza sauti chake. Jioni lilikuwa banda la wanaume. Lakini Alhamisi alasiri lilikuwa letu, tukaiita zanana: wanawake peke yao, pazia mlangoni, na ndani mwanamume mmoja tu, ambaye sharti lake lilikuwa asigeuke. Aliingia sisi hatujafika, akaketi akitazama mbele, na akatoka sisi tumekwisha kwenda zetu. Tulivua mabuibui, tukajipepea, wengine wakashona kofia, wengine wakanyonyesha. Hakugeuka hata siku ile jirani yangu Mwanaisha alipojimwagia chupa nzima ya chai mapajani na kupiga yowe la kuamsha mtaa. Alisimamisha kanda, akatulia, kisha akauliza kwenye kipaza sauti, "Ameungua au amelowa tu?"

"Amelowa," tukamjibu.

"Tuendelee."

Watu hudhani wanawake hutaka filamu za mapenzi. Mapenzi, mwenzangu, yale tuliyokuwa nayo nyumbani yalitutosha na mengine tungependa kuyarudisha dukani. Sisi tulitaka bunduki na ngumi. Filamu zilikuwa za namna mbili, kauboi na karate. Kanda za kauboi zilitoka kwenye mahoteli, maana Wataliano waliokuja Malindi kupumzika walikuja nazo na wakirudi kwao waliziacha. Kwa hiyo kwetu kauboi alisema Kitaliano. Nilikuwa mtu mzima niliposikia ati kauboi asili yake ni Mmarekani, na mpaka leo naona si kweli. Kanda za karate zilitoka Mombasa, nakala ya nakala, watu wakisema Kichina na maandishi ya Kichina yakipita chini kama sisimizi waliobeba sukari.

Mfasiri alikuwa amepeleka sahani kwa Wataliano miaka kumi na minne kabla ya kushika kipaza sauti. Kitaliano alikijua mpaka matusi yake. Kichina hakujua hata neno la kuomba njia. Sasa hapo ndipo penye mtu mwenyewe.

Kwa kauboi alikuwa mkavu kama mbata. Alisema kilichosemwa, hakuongeza, hakupunguza. Kauboi akinyamaza dakika tano, naye alinyamaza dakika tano, tukasikiliza jenereta. Mwanaisha akiuliza, "Kasema nini?" Mfasiri hujibu, "Hajasema." Alikuwa na neno lake, kila mtu mjini alilijua: "Mfasiri ni bomba. Bomba haliongezi maji." Kutafsiri kwake kulikuwa amana, na mwenye amana ataulizwa. Halafu alijua tuliokaa nyuma yake ni akina nani. Nusu yetu tulifanya kazi mahotelini, mimi nikiwa dobi, na Kitaliano cha jikoni na cha vyumbani kilituingia masikioni tupende tusipende. Siku moja alitafsiri "kesho" pahali pa "kesho kutwa". Mmoja wetu akakohoa. Mfasiri akasimamisha kanda, akairudisha nyuma, na yule mtu kwenye filamu, mwenye bastola ya mwenzake kinywani, ikabidi angoje.

"Nimekosea," akasema. "Kasema kesho kutwa. Niwieni radhi."

Kwa Wachina, sasa, alifunguka. Kwanza aliwafanya wote jamaa. Hakuna aliyeinua ngumi bila kuamkia. Mwanafunzi aliyekuja kulipiza kisasi alisimama mlangoni akasema, "Shikamoo, mwalimu." Mwalimu mwenye ndevu nyeupe akajibu, "Marahaba. Umekuja kuniua?" "Ndiyo, mwalimu." "Haya, kunywa chai kwanza." Hekalu lao lilikuwa juu ya vilima vya Kaloleni, mzee akigema tembo asubuhi na kufundisha mateke mchana, na mwanafunzi mkaidi alitumwa kuteka maji mto Sabaki na kurudi kwa miguu. Ukijua Kaloleni iliko na Sabaki ulipo, utajua ile ilikuwa adhabu kweli. Tulijua anatunga, naye alijua kwamba tunajua. Mtu mmoja alimuuliza vipi mkweli kama yeye anatunga namna ile. Akasema, "Kitaliano nakielewa, kwa hiyo nimekabidhiwa. Kichina sikielewi. Sikukabidhiwa kitu."

Nje ya banda alikuwa mtu mwingine kabisa. Ile sauti iliyojaa, ya Kiswahili cha mji wa kale, aliiacha kwenye kipaza sauti, akatembea na sauti nyingine ndogo ya Kigiriama cha Jilore, ya kuombea chumvi tu. Dini yake hatukuijua. Ijumaa hakufungua banda, Jumapili hakufungua. Waislamu walisema wetu, Wakristo walisema wetu, na mwenyewe akiulizwa alisema siku za watu ni siku za watu. Kila wiki aliua watu mia kwa mdomo wake, lakini kuku wake alichinjwa na jirani, naye akaondoka mpaka kelele ziishe. Na akikutana na mwanamke njiani aliinama mpaka uso usionekane, akatazama chini. Mwanaisha aliapa kwamba anatujua sote kwa ndara zetu.

Yaliyonihusu mimi ni haya. Mume wangu Athumani alikuwa mpishi. Alipikia Wataliano miaka sita pale Malindi, kisha akapata kazi ya upishi kwenye meli ya mizigo, akaondoka. Hatukuwa na mtoto bado. Barua zilikuja miaka mitatu, halafu zikakatika. Wakala wa meli, pale Mombasa, alisema mtu huyo alishuka bandari fulani kwa miguu yake mwenyewe na hakurudi. Hakukuwa na maiti, hakukuwa na habari, wala hakukuwa na talaka. Nikabaki nyumbani kwa mamake, ambaye namwita Mama, tukilala vyumba viwili vinavyotazamana, mimi mke wa mtu na si mke wa mtu.

Kadhi alinisikiliza vizuri. Alisema shauri la mume aliyepotea linamalizika, lakini alitaka kwanza jamaa wa mume waje waseme wanalolijua, na mkubwa wa jamaa ni mama mtu. Nikarudi, nikamwambia Mama. Alikuwa akichambua mchele, hata hakuinua kichwa.

"Mwanangu yu hai," akasema. "Sitamfukia kwa mdomo."

Sikumlaumu. Lakini nilikuwa na miaka thelathini na moja, na mkulima mmoja wa Sabaki, aliyefiwa na mkewe, alikuwa amemtuma dadake mara mbili kuniulizia. Alilima nyanya na mchicha, akacheka kwa sauti, na mimi nilimtaka. Nalisema bila haya, maana haya zenyewe nilizitumia zote miaka ile.

Basi Alhamisi moja ikaletwa kanda ya kauboi ambayo Mfasiri hakuwa ameiona. Kawaida yake ilikuwa kutazama kila kanda peke yake kwanza. Ile alipewa asubuhi ileile na mgeni aliyekuwa akifunga sanduku, na sisi tulikuwa tumechoka na za zamani, akaiweka hivyohivyo. Kauboi akaingia mjini juu ya nyumbu, akashuka, akatembea. Mguu wa kushoto aliuburuta kidogo.

"Jamani, si Athumani huyo?" akasema Mwanaisha. "Tazameni mguu."

Athumani alikuwa ameungua mguu kwa mafuta ya kukaangia, na mwendo wake ulikuwa uleule. Wenzangu wakacheka. Mama, aliyekuwa ameketi kando yangu, hakucheka, alisogea mbele. Na Mfasiri, ambaye alikuwa na desturi ya kumpa shujaa jina lolote tulilomtupia, akasema kwa ile sauti yake kubwa, "Athumani akaingia mjini, akauliza maji ya nyumbu wake."

Zanana ilikuwa na ila moja. Ilibidi tuwe majumbani kabla ya adhana ya magharibi, na filamu zile ni ndefu, kwa hiyo mwisho wake tuliuona Alhamisi ya pili. Siku ile tulimwacha Athumani kwenye kichochoro, amezungukwa na bunduki nne. Wiki nzima Mama alikuwa mtu mwingine. Alipika, alikula, alimwambia shemeji yangu kwamba ndugu yake yuko kwenye shida lakini amesimama. Mama hakuwa mjinga, wallahi. Alijua ile ni filamu. Lakini mtu akikosa barua husoma chochote.

Alhamisi ya pili Athumani akasimama palepale kichochoroni, akagusa ukingo wa kofia yake, kisha kioo kikatetemeka, mistari ikapita, na badala ya kichochoro tukaona mlima wenye ukungu na mtu wa kofia ya ukili, ametupa mgongo, akipanda ngazi za hekalu.

"Athumani akatoka pale salama," akasema Mfasiri, "akapanda meli, akafika nchi ya mbali."

"Mbona kofia si ileile?" mtu akauliza.

"Ile ilikuwa ya jua. Hii ni ya mvua."

"Na bunduki?"

"Kaitupa baharini. Amechoka."

Halafu yule mtu akageuka, na kila mwenye macho akaona ni Mchina. Kicheko kikaanza pembeni. Mama akasema kwa sauti ya kusikika banda zima, "Safari ndefu hubadili sura. Mtu akikaa sana ughaibuni, hata kwao hawamjui." Kicheko kikafa, na hakuna aliyelizungumza tena jambo lile. Sauti ilikuwa ileile, ya Mfasiri, na kwetu sauti ndiyo iliyokuwa mtu.

Niseme haki yake, filamu ile iliyounganishwa ilikuwa nzuri kuliko zote. Yule Mchina alikuwa na namna ya kupeleka mkono kiunoni kabla ya kupigana. Mfasiri akamfanya mwalimu amuulize, "Unatafuta nini kiunoni?" Athumani akajibu, "Mazoea, mwalimu." "Basi huyo ndiye adui wako wa kwanza." Kila alipopigana, walitazamana kwanza kwa muda mrefu, na Mfasiri hakuweka neno, akatuachia ukimya uleule wa kauboi, jenereta ikinguruma. Kisha salamu, kisha ngumi. Tulibishana njia nzima tukirudi nyumbani kama mtu aliyezoea bunduki anaweza kweli kujifunza mikono mitupu. Nimeona filamu nyingi tangu hapo, za kwenye dishi na za kwenye simu, na bado sijaona nyingine iliyomfundisha kauboi kuamkia. Mwishoni Athumani alisimama ufukweni peke yake, akatazama maji, na kanda ikaishia hapo.

"Anangoja chombo cha kumrudisha kwao," akasema Mfasiri.

Wanaume hawakuiona ile filamu. Aliwaambia kanda imekatika, na hakusema uongo. Sisi tuliiomba kila mwezi, kwa miaka minne, na kila mwezi Mama alirudi nyumbani akitembea wima. Mimi nilirudi nyuma yake nikihesabu mawe ya njia. Wenzangu walishangilia jina la Athumani likitajwa. Mimi nilikuwa nikitazama kisogo cha Mfasiri na kukichukia.

Nilikuja kuujua ukweli kazini. Nilikuwa nimebeba kikapu cha mashuka, napita ukumbi wa wageni baada ya chakula cha mchana, wao wamelala vitini na televisheni yao inajisemea. Nikaona kile kichochoro. Nikatua kikapu. Bunduki nne zililia, kauboi wangu akaanguka, bibi mmoja mzee akakimbia akampakata kichwa. Akasema "acqua", maji, akarudia "acqua", akafa. Maandishi yakapanda. Nilisimama pale mpaka msimamizi akaniuliza kama naumwa.

Kesho yake nilimkuta Mfasiri uani kwa banda, anasafisha deki kwa pamba na spiriti. Nikamwamkia, akaitikia ameinama, akitazama ndara zangu.

"Ile kanda ya Athumani," nikamwambia. "Mwisho wake nimeuona hotelini."

Aliendelea kusugua. "Ndiyo."

"Uliukata."

"Niliukata kwa wembe, nikaunga ile nyingine kwa selotepu. Kipande sikukitupa. Kiko kwenye kopo la maziwa."

"Kwa nini?"

Alichovya pamba kwenye spiriti. "Jina nilikwisha mpa," akasema mwishowe, "na mama wa watu yuko nyuma yangu. Kusema hakufa siwezi, Mtaliano ameonyesha kafa. Nikaona afadhali nimpeleke kwa Wachina. Kule naweza kumlinda."

Nilikuwa na hasira za miaka minne, nikazitoa zote. "Mimi ndiye mke wa Athumani," nikasema. "Kila mwezi unamsimamisha ufukweni anangoja chombo, nami nangoja naye. Mama hawezi kumsema amekufa mtu anayemwona yuko hai kila mwezi. Bila neno la Mama, shauri langu haliendi. Umemlinda yeye, mimi umenifungia ndani. Nitazeeka nyuma yako, baba."

"Unaniambia niue mtu."

"Nakuambia ufasiri."

Niliondoka nikilia njia nzima kwa aibu, maana sikuwahi kumsemesha mtu mzima namna ile. Alhamisi tatu zikapita na kanda nyingine, nikaona basi, nimejivunjia heshima bure.

Alhamisi ya nne akachukua kipaza sauti kabla hajawasha kitu. "Leo kanda ya Athumani ni nzima," akasema. "Mwenye moyo mwepesi, mlango uko nyuma."

Hakuna aliyetoka. Nilimtazama Mama. Alichoma sindano kwenye kofia aliyokuwa akishona, akaiweka magotini, akakunja mikono juu yake. Tukaenda naye Athumani tangu nyumbu wake mpaka kichochoroni. Akagusa ukingo wa kofia. Kioo kikatetemeka kidogo pale palipounganishwa upya, na safari hii kichochoro kikabaki kichochoro. Bunduki zikalia. Akaanguka. Bibi mzee akaja akampakata.

Yule mtu kwenye kioo akafumbua mdomo. "Acqua," akasema.

Na Mfasiri, ambaye kwa miaka yote ile hakuongeza neno kwa Mtaliano, akasema, "Mama, safari yangu imekwisha. Nipe radhi zako."

"Acqua."

"Na mke wangu mwambieni asinikalie. Afunguliwe mlango."

Acqua ni neno ambalo kila mtu aliyewahi kukanyaga mlango wa jikoni wa hoteli Malindi analijua, ndilo la kwanza unafundishwa. Kwa kesho na kesho kutwa alikuwapo wa kukohoa, siku ile hakuna aliyekohoa. Mwanaisha alikuwa amenishika kiganja, sijui tangu saa ngapi.

Mama akasema, si kwa nguvu, "Radhi nimekupa, mwanangu."

Tulirudi nyumbani kabla ya adhana. Mlangoni akavua ndara zake, akazipanga, akaniambia, "Kesho mwite shemeji yako. Twende kwa Kadhi." Akaenda, akasema alilolijua na asilolijua, na hukumu ikatoka kwamba Athumani ahesabiwe amekufa. Akasaliwa swala ya ghaibu, tukamsomea hitima, nikakaa eda miezi minne na siku kumi. Nililia eda ile yote, na sikuona ajabu, maana nilikuwa nimempenda mume wangu na sikuwahi kupewa nafasi ya kumlilia. Kisha nikaolewa Sabaki. Mama ndiye aliyenifunga leso ya kwanza siku ile.

Zanana ilikufa polepole, dishi zilipopanda juu ya mapaa. Banda sasa ni duka la simu. Mfasiri alirudi Jilore kulima, na kwa miaka mingi nilisikia habari zake kwa watu tu.

Mwaka jana Mama akafariki, mzee sana, tukamzika Malindi. Baada ya matanga nilirudi Sabaki, na siku ya tatu nikamkuta mzee ameketi kwenye baraza yangu, amegeukia barabara. Nilikuwa natoka shambani na beseni la nyanya kichwani. Nikaona mikunjo miwili, sasa imekuwa minne, na punje ya mchele chini yake.

"Shikamoo, Mfasiri."

"Marahaba." Hakugeuka. Nadhani hata yeye hakuona ajabu kutogeuka. Nikaketi nyuma yake kidogo, kama zamani.

"Nimesikia msiba," akasema. "Nimechelewa. Nilikuwa na deni kwake na sasa haliwezi kulipwa."

"Deni gani?"

"Yule Mtaliano alisema maji. Mara mbili. Mimi nikamtilia maneno mengine kinywani, tena ya mtoto kumwambia mama yake. Nilisema nitakwenda nimwombe radhi. Mwaka ukapita, nikasema mwaka huu. Sasa nitaulizwa, na wa kunisamehe hayupo." Akakung'uta vumbi magotini. "Siku ile nilingoja mmoja wenu akohoe. Mngekohoa ningerudisha kanda nyuma."

"Tulijua."

"Wewe ulipokuja uani sikushangaa kuwa ndiwe mkewe. Jina likitajwa banda zima lilishangilia, ila pahali pamoja, safu ya pili kulia. Palikuwa kimya kila mwezi. Nilikuwa napasikia." Akasugua kisogo. "Kwa ajili yako nilitia maneno, kwa ajili yake pia. Lakini yeye nilimdanganya."

Nilicheka, Mungu anisamehe, na machozi yananitoka. Kwa sababu wiki mbili kabla hajafa, nikimlisha uji, Mama aliniuliza ghafla, "Yule kauboi alitaka maji, eti?" Kijiko kikanisimama mkononi. Nikasema ndiyo, Mama, maji. Akameza uji wake bila haraka. "Mwanangu amepikia Wataliano miaka sita," akasema, "mimi nisijue acqua?"

Nilimweleza Mfasiri maneno hayo kama alivyoyasema, na yaliyofuata pia, sikuongeza wala kupunguza. Mama alikuwa amesema, "Ukimwona yule mtu mwambie bomba lake lilivuja siku moja tu, na ndiyo siku tuliyokunywa. Radhi yangu anayo."

Gari la mchanga likapita barabarani, vumbi likatulia. Kisha mzee akashika ukingo wa baraza kwa mikono miwili, akageuka, taratibu, kiungo kwa kiungo, mpaka tukawa tunatazamana. Macho yake yalikuwa madogo na yamelowa, na pua yake ni kubwa, jambo ambalo hatukuwahi kulidhani sote thelathini.

Alinitazama bila kuinamisha kichwa.

"Kumbe ndivyo ulivyo," akasema, kisha akaniomba maji.